Likizo ya Agosti iwe shule ya ngoma Golbanti

Sauti ya Wimbo wa Taifa la Kenya ilitoka Mto Tana. Kila mwenyeji wa Garsen analijua hilo na hulisimulia kwa fahari inayostahili. Mwaka 1963, nchi ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki watano waliteuliwa kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume. Waliuchukua wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mwanawe, wakautilia maneno mapya na kuupangia sauti, na Desemba ya mwaka huo ukapanda pamoja na bendera. Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, ndiye anayetajwa hadi leo kuwa chimbuko la sauti hiyo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba katika wale watano hapakuwa na Mpokomo hata mmoja. Kalume alikuwa mtu wa Pwani, lakini ukanda wa Tana wenyewe ulitoa sauti, na kalamu wakaishika wengine. Siwalaumu waliofanya kazi ile. Waliifanya vizuri kiasi kwamba wimbo ule bado unatusisimua. Ninachosikitikia ni kwamba miaka zaidi ya 60 imepita na mgawanyo ule ungalipo. Mtoto wa Golbanti, kijiji cha Delta ya Mto Tana, anaweza kukua akijua nyimbo 50 za bibi yake, afike Gredi ya Tisa, na asipate mtu wa kumfundisha kuandika hata mmoja.

Napendekeza jambo moja. Kaunti ya Tana River ianzishe Golbanti darasa la muziki la likizo ya Agosti, la wiki tatu, lifundishwe na mafundi wa ngoma wa Delta wenyewe wakilipwa kama walimu, na kando yao akae mwalimu anayejua solfa na nota. Neno zito katika pendekezo hili ni kulipwa. Tumezoea kuwaita wazee wa ngoma kuwapokea wageni wa heshima, wapige robo saa juani, wapewe soda na kushukuriwa kwenye kipaza sauti. Mtu anayejua kuwamba ngoma, kuipasha moto, kuiongoza na kuwaitikisha watu mia moja kwa pamoja ana taaluma. Taaluma hufundishwa, na anayeifundisha hulipwa. Tusipoanzia hapo, mengine yote yatakuwa maonyesho tu.

Kuna watakaosema shule zetu tayari zina muziki, kwani Tamasha za Muziki za Kenya zipo tangu 1927. Ni kweli, na nchi chache Afrika zina shindano la shule lenye umri na ukubwa huo. Lakini tamasha na darasa ni vitu viwili. Tamasha huchagua sauti 30 au 40 nzuri zaidi shuleni, ikawafanyisha mazoezi ya wimbo mmoja kwa miezi, ikawapandisha jukwaani dakika chache mbele ya waamuzi, ikawapa alama. Waliobaki nje ya orodha hawajifunzi chochote. Walioingia hukariri wimbo ule vizuri mno, na mara nyingi huishia hapo, maana mwalimu hana muda wa kuwaeleza wimbo umejengwaje. Hata ngoma zenyewe hubadilika zikifika jukwaani. Mwaribe ya Wapokomo iliyozoea kuchezwa na watu wakizungukana, mwimbishaji akibuni maneno kufuatana na arusi iliyopo, hukatwa ikatoshea saa ya mwamuzi na kugeuzwa uso kumtazama yeye. Sitaki tamasha zifutwe. Nataka mtoto anayekwenda tamasha awe kwanza amefundishwa muziki.

Darasani nako kulikuwa na pengo refu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliupa muziki nafasi katika mtihani wa darasa la nane, kisha mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakauondoa, na somo lisilotahiniwa Kenya huwa halifundishwi. Kizazi kizima kikapita hivyo, pamoja na wengi ambao leo ndio walimu. Sasa mtaala wa umilisi umeufungua tena mlango. Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10, kuanzia kundi la kwanza la Januari 2026, huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa sanaa na michezo. Kwenye karatasi mtoto wa Golbanti ana haki sawa na wa Nairobi kuuchagua. Kwa hakika hawako sawa. Wa Nairobi anaweza kuwa amepita Kenya Conservatoire of Music, taasisi iliyoanzishwa 1944, au amejifunza fidla Korogocho chini ya mpango wa Ghetto Classics, ambao umethibitisha kwamba mtoto wa mtaa maskini akipewa ala na mwalimu hujifunza kama mwingine yeyote. Wa Delta atauchagua mkondo huo kwa ujasiri wa moyo peke yake. Mtihani wa muziki wa sekondari, tangu zamani, umetaka mtu apige ala au aimbe, asikilize na kuandika alichosikia, tena ajue historia ya muziki. Mambo hayo hayaanzwi mtu akiwa na miaka 15.

Kwa nini likizo, na kwa nini Agosti? Nchi zenye majira manne zilishagundua kwamba miezi ya shule kufungwa ndiyo nafasi adimu ya kumkalisha kijana karibu na msanii. Kambi ya Interlochen, katika jimbo la Michigan huko Marekani, ilianza 1928 kwa kuwakusanya wanafunzi wa okestra msituni, na kilichoipa sifa ni kwamba kijana hukaa wiki nzima kando ya mtu ambaye muziki ndio kazi yake. Sisi hatuna kiangazi cha aina hiyo, tuna mto. Masika ya Aprili na Mei yakizidi, kama 2018 na 2024, watu wa Delta huhama na madarasa hugeuka makazi ya waliokimbia maji. Vuli ya 2023 ilifanya vivyo hivyo mwezi wa Novemba, likizo ndefu ikiwa ndiyo inaanza. Agosti ni katikati ya misimu hiyo miwili, barabara hupitika, na shule zimefungwa kwa wiki kama tatu. Wale mafundi wengi ni wakulima na wafugaji, kwa hiyo masomo yawe asubuhi tu, jioni kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Na kwa nini Golbanti? Mahali hapa pamewahi kuwa shule ya wote. Wamethodisti waliweka misheni hapa miaka ya 1880 kwa nia ya kuwafikia Waorma, waliokuwa wakiitwa Wagalla wakati ule, na hapahapa mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi wa Mei 1886. Misheni iliendelea, Wapokomo wakaikubali, na kwaya ikawa sehemu ya maisha ya kijiji. Kwa hiyo ukisimama Golbanti umezungukwa na shule tatu za muziki ambazo hazijawahi kukaa meza moja: ngoma na nyimbo za Kipokomo, nyimbo za wafugaji wa Kiorma, na tenzi za kanisa zenye sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ukishuka mto hadi Kipini unaingia katika nchi ya Waswahili na ngoma ya gungu, kwa shujaa Fumo Liyongo. Utenzi wake unasimulia kwamba alipofungwa gerezani aliomba ngoma ipigwe nje, na kelele ya ala na waitikiaji ikaificha sauti ya tupa aliyokuwa akikatia pingu. Wapokomo nao wana masimulizi yao kuhusu Liyongo, na humo hakumbukwi kwa wema tu. Mwalimu mzuri angeweka masimulizi hayo mawili mbele ya darasa moja.

Yafundishwe nini hasa? Wiki ya kwanza iwe ya mikono na masikio. Mtoto aone gogo likichongwa, ngozi ikilowekwa na kuwambwa, aelewe kwa nini ngoma iliyokaa kwenye unyevu hulia vibaya na kwa nini hupashwa moto kabla ya kupigwa. Hiyo ni fizikia ya sauti, na haihitaji maabara. Kisha ajifunze pigo moja na kulishika bila kuyumba huku mwenzake akipiga jingine: mkono wako ukihesabu mbili, wa jirani ukihesabu tatu, na wote wawili mkikutana palepale mlipoanzia. Watu wazima wengi waliosoma muziki wa Ulaya kwa miaka huliona jambo hilo gumu. Mtoto aliyekulia katika ngoma hulipata haraka, na ni haki yake kujua kwamba alichonacho ni ujuzi. Wiki ya pili iwe ya nyimbo: za kubembeleza, za kulima, za kupiga kafi, za kusifu ng'ombe, za arusi. Kila mtoto apewe kazi ya kumwendea mzee mmoja nyumbani kwao, aurekodi wimbo kwa simu na kuuleta darasani. Wiki ya tatu ndiyo ya kalamu. Nyimbo zile ziandikwe kwa solfa, na hapo ndipo somo litakapokolea, kwa sababu baadhi hazitakubali. Kutakuwa na sauti isiyokaa juu ya mi wala juu ya fa, na pigo lisilogawanyika kama mstari unavyotaka. Mwalimu asiilazimishe. Aliulize darasa kasoro iko kwenye wimbo au kwenye mwandiko. Mtoto wa miaka 12 aliyewahi kulipima swali hilo amekuwa mwanamuziki kuliko aliyekariri nyimbo kumi za tamasha.

Kuna ala moja isiyofaa kuingia katika darasa hili, na lazima niitaje. Ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na watawala wa kikoloni na tangu 1908 iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ikihifadhiwa ghalani. Wazee wamekuwa wakiidai, na nadhani wana haki kamili ya kuidai. Lakini ngadzi haikuwa ala ya kila mtu. Ilikuwa ya wazee wa baraza la kijo, na sauti yake ilikuwa ya ibada na mamlaka. Kuitengenezea mfano ili watoto waigonge likizoni kungekuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza. Wafundishwe historia yake na waonyeshwe picha kama wazee wataridhia. Kuhusu kinachobaki siri, waamuzi ni wazee. Naitaja kwa sababu nyingine pia. Ala ikiondoka bado inaweza kurudi, hata baada ya karne. Ujuzi wa mzee aliyezikwa bila mwanafunzi haurudishwi na makumbusho yoyote.

Watetezi wa elimu ya muziki wana desturi ya kuahidi makubwa: kwamba mtoto akipiga kinanda atafaulu hesabu, atakumbuka zaidi, akili itapanuka. Sitatoa ahadi hiyo, kwa sababu ushahidi umeikataa. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizohusisha watoto karibu 7,000, na wakaona kwamba pale utafiti ulipopangwa vizuri, faida ya muziki kwa akili na alama za masomo mengine ilikuwa karibu na sifuri. Baadhi ya wasomi wanabishana nao, lakini mzazi wa Golbanti asiuziwe darasa kwa matumaini yanayotiliwa shaka. Tena ahadi ile inaudhalilisha muziki, kana kwamba lazima uzae kitu kingine ndipo upewe nafasi. Hatuulizi kama Kiswahili kinasaidia kemia. Tunakifundisha kwa kuwa asiyekijua amekosa kitu kikubwa. Muziki nao unastahili kupimwa hivyo, hasa mahali ambapo watu wameutumia kwa karne nyingi kuoza, kuzika, kuabudu, kulima na kulea.

Kwamba wazee wenye ujuzi wa kienyeji wanaweza kuwa walimu wa chuo, tunao mfano jirani. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar, kilifunguliwa 2002 katika jengo la forodha la zamani, Mji Mkongwe. Pale udi, ganuni, fidla, kidumbaki na ngoma hufundishwa na watu walioshika ala hizo maisha yao yote, na wanafunzi hujifunza pia kusoma nota. Wahitimu wake wameunda bendi zinazopiga nje ya nchi, ikiwemo Siti and the Band, na wasichana wameshika ala ambazo taarab ya zamani iliwaachia wanaume. Chuo hichohicho kinatupa onyo. Kilitegemea mno wafadhili wa kigeni, na walipopunguza mikono, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufungwa. Wanafunzi wengi hawakuwa na uwezo wa kulipa karo. Darasa la Golbanti likianza kwa pesa za mfadhili peke yake, litakufa mwaka atakaochoka. Ndiyo maana nasema kaunti.

Hapo hujitokeza mapingamizi mawili ya kisheria, na yote yana jibu. La kwanza: elimu ya msingi ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, na darasa hili ni la utamaduni. La pili: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Marufuku hiyo ilikuja kwa sababu nzuri, maana watoto walikuwa wakikamuliwa na wazazi kutozwa. Darasa hili lisiwe na ada, lisiwe la lazima, lisifundishe somo la kukimbizia silabasi, wala lisitoe alama. Likianza kudai hata shilingi 50 kwa mzazi, litakuwa limegeuka tuisheni na lifungwe.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Katika kaunti ambayo ukame na mafuriko hupokezana, nani atatoa pesa za ngoma ilhali watu hawajala? Nimelichukua swali hili kwa uzito na kufanya hesabu. Mafundi na walimu sita kwa shilingi 1,500 kwa siku, siku 15 za masomo, ni shilingi 135,000. Chakula cha mchana cha watoto 60 kwa makisio ya shilingi 80 kila mmoja ni 72,000. Jumla 207,000, na ukiongeza magogo, ngozi, madaftari na usafiri hufiki 400,000. Mgao ambao Tana River hupata kutoka hazina ya kitaifa unazidi shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Kiasi hiki hakitamnyima mtu kisima wala dawa. Isitoshe, katika hesabu hiyo watoto 60 wamekula, na pesa za posho zimebaki mikononi mwa wakulima na wafugaji wa hapohapo.

Wapo wazazi Waislamu, miongoni mwa Waorma na Wapokomo, ambao hawatapenda watoto wao washike ala. Mzazi huyo aheshimiwe, na mtoto wake apewe nafasi ya sauti peke yake, kwa kasida. Ila ifahamike kwamba Uislamu wa pwani hii haujawahi kuwa na kauli moja juu ya jambo hili. Habib Saleh wa Lamu aliingiza matari katika maulidi, wakubwa wa mji wakampinga, na leo maulidi ya Riyadha huwavuta watu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki. Upande wa amani pia nitasema kidogo, kwa kuwa najua wapangaji wa miradi watalikimbilia neno hilo. Mauaji ya Riketa ya Agosti 2012, ambapo zaidi ya watu 50 waliuawa siku moja, wengi wao wanawake na watoto, na mengine yaliyofuata hadi 2013 kati ya jamii hizi mbili, yalihusu ardhi, malisho na malka za kunyweshea mifugo. Ngoma haigawi malka. Atakayeliita darasa hili suluhisho la mgogoro atakuwa anawadanganya waliofiwa. Lakini mtoto wa Kiorma akimfundisha wa Kipokomo wimbo wa ng'ombe, na kusahihishwa naye kwenye pigo la mwaribe, wamejuana kwa majina na kwa ustadi, na hilo lina thamani yake hata kama mpaka wa shamba haujachorwa.

Limebaki suala la nani atamiliki kitakachorekodiwa, na tusilipuuze baada ya yaliyotukuta 1963. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016 inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista ya mali ya aina hii. Kila wimbo utakaoandikwa darasani uingizwe humo ukiwa na jina la aliyeutoa, kijiji chake na mtoto aliyeuandika, na nakala ibaki Golbanti. Rejista itajazwa na watoto wenyewe, bila kumwajiri mshauri wa kutoka mbali. Kwa upande wa bajeti, sheria inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi hutangulia. Wazazi wa Golbanti, Ngao na Tarasaa wafike kwenye mikutano hiyo wakiwa na mafundi wao wa ngoma, waitaje shilingi 400,000 kwa jina na kwa idara ya utamaduni, na wamtake mwakilishi wa wadi aiandike mbele yao.